Mikono ya loda inashuka yenyewe: ni silinda au ni vali?

Mama mmoja anayefuga ng'ombe wa maziwa upande wa Limuru alituletea trekta yake juu ya lori, na mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki uliojaa sili kuukuu za silinda, ile mipira inayozuia mafuta yasipite. Seti mbili nzima. Fundi wa kwanza alimwambia sili zimekwisha, akazibadilisha. Loda, yaani mikono ya mbele inayobeba baketi, ikaendelea kushuka. Fundi wa pili akasema wa kwanza aliweka sili hafifu, naye akabadilisha tena. Jioni opareta anainua mikono, anazima injini, anakwenda nyumbani. Asubuhi baketi iko chini.

Nilizimwaga zile sili mezani nikazipitia moja moja. Seti ya kwanza ilikuwa na uchakavu wa kawaida wa miaka. Ya pili ilikuwa bado laini, haina mkwaruzo. Mama yule alikuwa amelipa mara mbili kutengenezewa kitu ambacho hakikuwa kimeharibika, na ng'ombe wake walikaa na samadi miguuni muda wote huo. Jambo hili tunaliona mara kwa mara hapa karakana, Industrial Area, Nairobi, na linaniuma. Ndiyo maana nataka kulieleza taratibu, ili ukimpelekea fundi trekta yako, awe ni sisi au mwingine, ujue cha kumuuliza.

Tuanze na silinda. Silinda za kuinua mikono ya loda zinabeba uzito kwa kusukumwa: mzigo unataka kuirudisha fimbo ndani. Chini ya pistoni mna mafuta, juu ya pistoni mna mafuta pia, lakini upande wa juu una nafasi ndogo kwa sababu fimbo yenyewe imekaa humo. Sasa sema sili ya pistoni imeisha kabisa. Mafuta ya chini yatavuka kwenda juu. Lakini fimbo inapoingia ndani inachukua nafasi yake, na nafasi iliyobaki haiwezi tena kuyabeba mafuta yote yaliyokuwamo. Ikiwa vali, kile kifaa chenye leva kinachoelekeza mafuta, imefunga njia zote mbili, mafuta hayo hayana pa kwenda. Fimbo itaingia kidogo, presha itapanda, kisha itasimama. Ili baketi ifike chini kabisa ni lazima mafuta yatoke nje ya silinda. Na kama hakuna hosi inayodondosha mafuta wala fimbo iliyolowa, mlango wa kutokea ni mmoja tu: vali.

Silinda iliyokwisha sili ya pistoni hujionyesha kwa njia nyingine. Loda inakuwa dhaifu, mzigo iliyokuwa ikiuinua mwaka jana inaushindwa leo, au inainua kwa kujivuta. (Silinda za kukunja baketi zina hesabu yake, kwa sababu uzito unaweza kuzivuta badala ya kuzisukuma, na hapo sili mbovu peke yake inatosha kuifanya baketi iiname. Lakini kwa mikono ya kuinua, shuku vali kwanza.)

Ndani ya vali ya loda mna fimbo za chuma, moja kwa kila leva, zinazoteleza kwenye tundu. Mafundi wanaziita spuli. Watu wengi hudhani mna mpira unaozuia mafuta kati ya spuli na tundu lake. Hamna. Kinachozuia ni chuma kwa chuma, kilichosagwa kikakaribiana hadi uwazi uliobaki ni mikroni chache tu, wakati unywele wa kichwani una unene wa mikroni 70 hivi. Spuli husagwa pamoja na tundu lake, kwa hiyo huwezi kutoa spuli ya vali moja ukaitia kwenye nyingine hata kama zinafanana kama mapacha.

Sasa fikiria vumbi la machimbo ya mawe, au mchanga unaoingia pale opareta anapoongeza mafuta kwa kopo lililokuwa chini. Punje ndogo zinapita katikati ya spuli na tundu, zinakwaruza, na mkwaruzo mmoja ukishatoka upande wa presha hadi upande wa tangi, mafuta yamepata njia. Kwenye Massey Ferguson nyingi za zamani, kama zile 135, mafuta ya haidroliki ndiyo hayo hayo ya giaboksi. Loda ikiunganishwa kwenye mafuta hayo, kila chembe inayosagika kwenye gia inaweza kusafiri hadi kwenye vali. Maji nayo ni adui. Trekta iliyolala nje mvua za Machi hadi Mei, au iliyooshwa kwa mashine ya presha bila kufunika kipumulio cha tangi, utakuta mafuta yake yamekuwa meupe kama chai ya maziwa. Mafuta ya namna hiyo hutia kutu ndani ya vali ambayo ingeishi miaka mingine kumi.

Kuna dalili moja ambayo madereva wengi huniambia kama kitendawili: asubuhi loda inashika vizuri, saa nane mchana inashuka. Hilo ni joto. Mafuta baridi ni mazito, hayapenyi upesi kwenye mkwaruzo mwembamba. Yakipata moto yanakuwa mepesi, yanapita. Kwa hiyo ukituletea trekta asubuhi ya Julai na baridi yake, hatuipimi papo hapo. Tunaifanyisha kazi nusu saa kwanza.

Kupima kwenyewe si kazi kubwa. Tunaweka koki ya presha ya juu kwenye njia inayopeleka mafuta chini ya pistoni za mikono. Si koki ya maji ya dukani, hiyo itapasuka. Tunainua baketi nusu mita tu, juu ya magogo, ili hata ikianguka isifike mbali, na hakuna mtu anayepita chini yake. Tunazima injini, tunachora alama ya chaki kwenye fimbo, tunaiangalia dakika kumi koki ikiwa wazi, kisha dakika kumi koki ikiwa imefungwa, huku upande wa juu wa pistoni tukiwa tumeuachia njia ya kurudi tangini. Alama ikisogea koki ikiwa wazi na ikatulia ikifungwa, vali ndiyo inayovujisha. Ikiendelea kusogea hata koki ikiwa imefungwa, hapo mafuta yanavuka pistoni, na sili za silinda zina kesi ya kujibu. Kipimo hiki tunakifanya mwenye trekta akiwa amesimama hapo. Yule mama wa Limuru aliiona chaki ikitulia kwa macho yake.

Hapa nitasema jambo ambalo si la biashara. Mtu yeyote asitafute mvujo wa haidroliki kwa mkono. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kwa presha ya psi 2,000 hutoboa ngozi, na mwanzoni utaona kidoa kama umechomwa na sindano, huumwi sana. Ndani, nyama inaanza kufa. Pitisha kipande cha kadibodi, usipitishe kidole. Na ikitokea, nenda hospitali saa hiyo hiyo, uwaambie wazi kwamba ni mafuta ya presha yaliyoingia ndani ya mwili, maana kidonda hicho kinahitaji daktari wa upasuaji, si plasta. Watu wamepoteza vidole na mikono kwa kungoja hadi kesho.

Turudi kwenye vali. Si kila vali yenye tatizo ni ya kutupwa. Kama ukivuta leva kuinua, mikono inashuka kidogo kwanza halafu ndiyo ipande, huenda ni kile kivali kidogo cha kuzuia mzigo kurudi, kimeshikwa na uchafu. Tunakifungua, tunakisafisha, na mara nyingi kazi imekwisha. Kama mafuta yanalowesha nje, kwenye ncha za spuli karibu na leva, hizo ni oringi (vipete vya mpira), na seti ya oringi itatosha. Lakini seti hiyo hiyo haitazuia loda kushuka hata kidogo. Oringi zinazuia mafuta yasitoke nje. Mkwaruzo wa spuli unapitisha mafuta kwa ndani, na hapo hamna oringi. Mtu akikuuzia seti ya sili ya vali akikuahidi mikono itaacha kushuka, muulize sili gani katika hizo inakaa kati ya spuli na tundu.

Spuli ikikwaruzika, vali inabadilishwa. Na kubadilisha ndiko kunakoharibu trekta nyingi kuliko vali mbovu yenyewe.

Kijana mmoja anayefanya kazi za ujenzi huko Ruai alinunua vali mwenyewe Kirinyaga Road. Leva mbili kama ile ya zamani, rangi mpya, bei nzuri. Akaifunga, loda ikafanya kazi siku nzima. Siku ya pili akainua jembe la nyuma, vali ikapasuka mwili mzima, mafuta yakamwagika. Aliyemuuzia hakumdanganya, alimuuzia alichoomba. Kilichokosekana ni kitu kimoja ambacho hakionekani kwa nje.

Kwenye trekta yake, mafuta yakipita kwenye vali ya loda bila kutumika, yanaendelea nyuma kuendesha mikono ya kuinua jembe. Vali ya kazi hiyo lazima iwe na njia tatu za pampu na tangi: ya kuingilia, ya kurudi tangini, na ile ya kuendelea mbele yenye presha, ambayo mafundi huiita pawa biyondi. Ndani yake huwekwa kipande maalumu kinachotenganisha njia hiyo na ya tangi. Vali aliyonunua haikuwa nacho. Alichukua tundu la tangi, ambalo limeundwa kwa mafuta yasiyo na presha, akaliunganisha na haidroliki ya nyuma. Jembe lilipobeba uzito, presha yote ikarudi kwenye upande dhaifu wa vali. Chuma kikafunguka.

Kosa la upande wa pili pia lipo: kuweka kipande hicho halafu kuziba tundu lake kwa sababu "hatutumii nyuma". Hapo pampu inasukuma ukutani, mafuta yote yanapitia kwenye rilifu, ile vali ya kuachia presha iliyozidi, mchana kutwa, yanalia na kuchemka. Na kuna trekta ambazo pampu yake yenyewe hujipunguza kazi inapokuwa haihitajiki, kama baadhi ya John Deere zilizoanza kutoka mwaka 1960. Hizo zinataka vali ya kati funge, ambayo leva zikiwa katikati haipitishi mafuta. Trekta yenye pampu ya gia, ambayo hailali, inataka vali ya kati wazi, inayoyaacha yapite. Ukizibadilishana, pampu ndiyo inayolipa.

Ukubwa nao si wa kukisia. Pampu inayotoa sentimita 16 za ujazo kwa kila mzunguko, ikizungushwa mara 2,200 kwa dakika, inasukuma lita 35 kwa dakika. Vali ya lita 20 itayapitisha, ndiyo, lakini kwa kuyabana hadi yachemke. Kisha uliza kama leva ya kuinua ina nafasi ya kuelea, ile inayoiacha baketi ifuate ardhi yenyewe. Ukizoea kukwangua uwanja nayo halafu ukaikosa, utaikumbuka kila siku.

Nyuzi za matundu ni mtego mwingine wa hapa kwetu, kwa sababu mitambo imetoka Uingereza, Marekani, Italia na India. Nusu inchi ya BSP (nyuzi za Kiingereza) na nusu inchi ya NPT (za Kimarekani) zote zina nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo zinaingiana vizuri tu kwa mkono. Lakini nyuzi za moja zimekatwa kwa pembe ya digrii 55 na za nyingine digrii 60. Zitavuja, na fundi akizidi kukaza ataupasua mwili wa vali. Tunapima kwa geji ya nyuzi kabla ya kukaza chochote. Wala hatuzungushii tepu nyeupe ya plamba kwenye viungo vinavyokaa kwa oringi au kwa washa ya kubana. Vipande vya tepu hukatika, vinasafiri na mafuta, vinakwenda kukwamisha spuli mpya.

Kabla vali mpya haijakaa, tunatoa mafuta yote, tunasafisha tangi, tunasukuma mafuta safi kupitia hosi na silinda, tunaweka filta mpya. Wateja wengine huona hii ni gharama ya kuongezea. Uchafu ulioua vali ya kwanza bado umo ndani ya hosi.

Mwisho ni rilifu, inayoamua presha ya juu kabisa. Trekta nyingi tunazozipokea zinafanya kazi kati ya psi 2,000 na 2,500, yaani baa 138 hadi 172, na tunaiweka kwa geji kufuatana na kitabu cha mtambo. Tukiombwa "iongezwe nguvu kidogo" tunakataa. Nguvu hiyo inatolewa kwenye hosi, kwenye shafti ya pampu na kwenye welding ya mikono ya loda, na ikishafika mahali magurudumu ya nyuma yanainuka, opareta ndiye aliyekaa juu.

Ukija, njoo na vali ya zamani ikiwa na leva zake, usiifungue wala kuioshea petroli. Kama bado iko kwenye trekta, piga picha ya kila hosi inapoingilia na ya kibati cha namba, kisha ufunge alama kwenye hosi kabla ya kuzitoa. Ada ya kupima tunaikata kwenye bili ukitupa kazi. Vali yako ya zamani tunakurudishia ndani ya boksi ile ya mpya, na baada ya saa 50 za kazi urudi tufungue filta mbele yako tuone imeshika nini.