A4 si nane kwa kumi na mbili: pima picha kabla hujanunua fremu

Wiki kadhaa zilizopita aliingia dukani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, mama mmoja mtu mzima, kakumbatia fremu iliyofungwa kwenye khanga. Nikamwamkia, akaitikia, akaifungua juu ya meza. Picha ya harusi ya mwanawe.

"Mwanangu, hebu nitazamie. Viatu vya bwana harusi viko wapi?"

Nikatazama. Suruali imeshuka vizuri mpaka kwenye pindo, kisha mbao.

"Nani aliyeiweka humu, mama?"

"Mdogo wake. Alinunua fremu, picha ikagoma kuingia, akachukua mkasi."

Kisa hiki tunakiona kila mara, kwa hiyo acha nikieleze. Studio ilisafisha picha ya inchi 8 kwa 12. Kijana akaambiwa hiyo ni sawa na A4, akanunua fremu ya A4. Ukizitazama kwa macho, kweli zinafanana. Ukishika rula, nane kwa kumi na mbili ni sentimita 20.3 kwa 30.5, na A4 ni 21 kwa 29.7. Yaani picha imezidi milimita 8 kwa urefu, na kwa upana imepungua milimita 7. Huku inagoma, huku inacheza. Kijana alikata zile milimita 8 upande wa chini. Halafu mdomo wa fremu, ule ukingo wa mbele unaozuia kioo kisidondoke, ukameza karibu milimita 5 nyingine. Jumla milimita 13. Kwa mtu aliyepigwa picha akiwa wima kutoka utosini mpaka nyayoni, na mpiga picha hakuacha nafasi chini, hizo ndizo viatu vyenyewe.

Tatizo ni kwamba tunachanganya familia mbili za vipimo zisizojuana. A4, A3 na A5 ni vipimo vya karatasi za ofisini, vilivyopangwa Ujerumani mwaka 1922 ili karatasi ukiikunja katikati ibaki na umbo lilelile. Picha zimefuata njia yake. Kamera za filamu ya milimita 35 zilipiga kipande cha milimita 24 kwa 36, yaani upana mbili, urefu tatu, na kamera nyingi za studio bado zinapiga umbo hilo. Ndiyo maana zipo 4 kwa 6, 8 kwa 12 na 12 kwa 18. Hii ya mwisho ina sentimita 30.5 kwa 45.7, wakati A3 ni 29.7 kwa 42. Hapo hata mkasi usiufikirie.

Nane kwa kumi nayo ni nyingine kabisa, fupi na nene. Mteja analeta picha ya familia ya 4 kwa 6, imelala, anataka ikuzwe iwe 8 kwa 10 kwa sababu fremu anayo nyumbani. Ukikuza 4 kwa 6 bila kuipunja unapata 8 kwa 12. Ili iwe kumi, lazima inchi 2 ziondoke: moja kushoto, moja kulia. Na pembeni kabisa mwa picha ya familia husimama nani? Shangazi. Wewe ndiye utakayemweleza siku akija kutembea, sisi hatumo.

Siku hizi picha nyingi zinatoka kwenye simu, na simu nyingi zina umbo la tatu kwa nne. Ukiisafisha kwa 4 kwa 6 mpaka ijaze karatasi yote, sehemu moja kati ya tisa ya upande mfupi inapotea. Picha ya simu inaingia yote kamili kwenye 6 kwa 8, au 9 kwa 12, au 12 kwa 16. Fremu za namna hiyo hazijazagaa madukani kama za A4, ndiyo maana sisi tunazikata kwa oda. Mimi binafsi, picha ya simu ya kuweka mezani naipenda 6 kwa 8. Haina makuu, wala haipotei.

Vyeti ni habari nyingine. Cheti cha A4 kitaingia fremu ya A4, ila kumbuka ule mdomo: kama muhuri au namba ya cheti iko ukingoni, itafichwa. Na kama ulikipeleka laminesheni, plastiki imeongeza karibu milimita 3 kila upande, kwa hiyo hakiingii tena. Tafadhali usiipunguze plastiki mpaka kwenye karatasi, unyevu utapita hapohapo. Leta, tukutengenezee fremu iliyozidi kidogo.

Dawa ya karibu matatizo yote haya ni kadi. Nazungumzia ile karatasi ngumu, nyeupe au ya maziwa, yenye dirisha katikati, inayokaa kati ya picha na kioo. Picha ya yule mama, kwa bahati studio walikuwa bado wanayo kwenye kompyuta. Ikasafishwa upya, nane kwa kumi na mbili ileile, tukaiweka ndani ya fremu ya A3 yenye kadi. Dirisha tulilikata sentimita 19.8 kwa 30, dogo kuliko picha kwa uzi tu ili liishike. Pembeni ikabaki karibu sentimita 5 za kadi, juu na chini 6. Fremu ya A3 ya dukani ikakubali picha ambayo si A3 wala A4, na hakuna aliyekatwa.

Kwetu pwani kadi ina kazi kubwa kuliko urembo. Hewa ya hapa ina unyevunyevu, na uso wa picha ya studio ukikaa miaka umegusana na kioo, unaganda. Tumeletewa picha za marehemu zilizoshikana na kioo, na mwenyewe kashajaribu kuzibandua, nusu ya uso imebaki kwenye kioo. Ikikukuta hiyo, usivute. Lete na kioo chake, tuipige picha juu ya kioo hichohicho, kisha tusafishe nyingine. Kadi inaipa picha nafasi ya kupumua.

Kwa anayetaka kupima mwenyewe nyumbani: pima picha kwa sentimita, pande zote mbili, wala usiamini jina uliloambiwa. Fremu nayo igeuze, upime kioo kwa nyuma, maana ukipima mbao kwa mbele utaongopewa, fremu nene na nyembamba zinaweza kubeba picha ileile. Kioo kizidi picha kwa milimita 2 au 3. Karatasi hutanuka masika, ikibanwa inajikunja mawimbi.

Kama picha iko kwenye simu, usitutumie WhatsApp kama picha ya kawaida, inapunguzwa na ukiikuza inakuwa na ukungu. Itume kama faili, au njoo na simu yenyewe. Picha kamili ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 tunaisafisha 9 kwa 12 bila wasiwasi.

Na ukiwa na fremu ya zamani unayoipenda, ya babu, ya mninga, usiitupe kwa sababu haina saizi ya leo. Ije pamoja na picha. Kadi tutaikata kwa kuifuata hiyo fremu.