Chanjo ya kuzuia mimba: mama akitaka kuacha, aache vipi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie makala yenu kuhusu njia za uzazi wa mpango zinazotafitiwa. Mwandishi ameeleza kwa shangwe kwamba ipo siku mwanamke atachomwa sindano, mwili wake utengeneze kinga dhidi ya mimba, na mambo yataishia hapo. Mimi ni muuguzi mstaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa katika chumba cha uzazi wa mpango. Sina ugomvi na utafiti. Kinachonikosesha raha ni hilo la mambo kuishia hapo, kwa sababu kila anayeanza njia ipo siku atataka kuiacha.

Wengi hudhani kazi yetu ilikuwa kuweka tu. Tulitoa pia, tena sana. Mama anaingia, anaketi, anapandisha mkono wa gauni na kusema, "Sista, naomba unitoe." Pengine damu haikatiki. Pengine kichwa kinamgonga kila siku, pengine anataka mtoto, na pengine hasemi sababu wala halazimiki kuisema. Unapapasa upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, mpaka uvihisi vijiti vya kuzuia mimba chini ya ngozi. Unachoma ganzi, unachana pahali padogo, unasukuma kwa kidole ncha ijitokeze, unaishika kwa koleo na kuvuta taratibu. Kisha unamwonyesha: viliingia viwili, vimetoka viwili. Wengine hushusha pumzi palepale. Kitanzi nacho kina nyuzi zake za kuvutia, na vidonge mtu huacha kumeza. Sindano ya miezi 3 ndiyo iliyotupa kazi ya kueleza, maana ikishaingia haitoki, na baada ya sindano ya mwisho mama anaweza kusubiri miezi mingi kabla ya kushika mimba. Hilo tulimwambia kabla hatujafungua hata bomba la sindano.

Sasa tuitazame hiyo chanjo. Iliyofika mbali zaidi inalenga homoni ya hCG, ileile inayofanya kipimo cha mkojo kionyeshe mistari miwili. Mimba changa huitoa ili mwili uendelee kutengeneza projesteroni na utando wa mfuko wa uzazi usibomoke. Ikizuiwa, mimba haishiki. Na kwa kuwa mwili haushambulii homoni yake wenyewe, watafiti waliiunganisha na sumu ya pepopunda au ya dondakoo iliyokwisha kuondolewa makali, kinga iamke na kuiona homoni kama adui.

Profesa G. P. Talwar na wenzake wa New Delhi waliijaribu kwa wanawake 148, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994. Nitawatendea haki: katika mizunguko 1,224 ya hedhi ambayo kingamwili, yaani protini za kinga zilizo kwenye damu, zilikuwa juu ya kiwango kilichohitajika, ilipatikana mimba 1 tu, na kingamwili ziliposhuka uwezo wa kuzaa ulirudi. Ni kazi kubwa ya kisayansi. Lakini mwanamke mmoja kati ya watano hakufikia kile kiwango, na kwa macho huwezi kumjua ni yupi. Yeye mwenyewe hajui mpaka apimwe damu, kisha apimwe tena, kwa sababu kinga hupanda na kushuka kwa kasi yake kwa kila mtu. Na yule ambaye mwili wake umeitikia kwa nguvu, akija kuniambia nimtoe, nitoe nini? Hakuna uzi wala kijiti. Nitamwambia asubiri, bila kuweza kumtajia mwezi.

Upande wa wanaume yamefanyika ya kufanana. Mwaka 2004 walitangazwa nyani dume waliochanjwa dhidi ya protini ya mbegu za kiume iitwayo EPPIN. Kati ya 9, kinga ilipanda sana kwa 7, na wote hao 7 hawakuweza kuzalisha. Chanjo iliposimamishwa, 5 walirudiwa na uwezo. Msomaji anaweza kuona 5 kati ya 7 ni idadi nzuri. Mimi nawaza wale 2, kwa sababu nimekaa mbele ya watu wasiopata mtoto na najua hakuna asilimia inayowafuta machozi.

China nayo ilijaribu gosipoli, kiini kitokacho kwenye mbegu za pamba, kwa maelfu ya wanaume kuanzia miaka ya 1970. Ilizuia mbegu za kiume kweli. Lakini wengine walishuka madini ya potasiamu mwilini, na baadhi hawakurudi tena kuwa na uwezo wa kuzaa. Ndiyo maana nikisikia njia inasifiwa kwamba ni ya asili, huwa situlii.

Kuna lingine ambalo makala yenu ililigusa kwa sentensi moja, nalo ndilo linalonitisha kuliko yote: vimelea vinavyosambaza utasa. Australia husumbuliwa na panya wanaokula mazao, na watafiti wa Canberra walikuwa wakitafuta namna ya kutumia virusi vya ndui ya panya kuwafanya panya jike wajenge kinga dhidi ya mayai yao wenyewe. Ili kuikoleza kinga hiyo, wakatia ndani ya virusi jeni ya intalukini-4, protini ambayo seli za kinga huitumia kupeana ishara. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2001 hayakuwa ya utasa. Panya walikufa, wakiwemo wa ukoo ambao kwa kawaida huhimili ugonjwa huo, na hata baadhi ya waliokuwa wamechanjwa. Hawa walikuwa wataalamu, maabara ilikuwa imefungwa, nia ilikuwa njema, na jeni iliyoongezwa ilikuwa moja.

Najua wapo wanaouliza kama kitu cha namna hiyo hakiwezi siku moja kutumika kwa binadamu. Jibu langu ni hapana, bila nyongeza. Virusi havimwombi mtu ridhaa. Haviulizi kama ana watoto saba au hana hata mmoja, na vikishatoka hakuna wa kuvirudisha.

Kwa mbu, ambako watafiti wa London mwaka 2018 waliangamiza jamii nzima ya mbu ndani ya vizimba katika vizazi 7 hadi 11 kwa jeni inayojieneza yenyewe, hoja ya malaria naielewa. Mbu si mteja wangu.

Msinione mwenye hofu kupita kiasi. Historia ya kuwazuia watu kuzaa bila hiari yao si ya kubuni. India, kati ya 1976 na 1977, watu takriban milioni 8 walifungwa uzazi, wengi wao kwa shinikizo la serikali. Huko California mwaka 1991 jaji alimwekea mwanamke sharti la kuwekewa vijiti kama sehemu ya adhabu. Kijiti angalau unakishika kwa vidole na kujua kipo. Kinga ndani ya damu mtu anaweza kupewa bila hata kuambiwa, akakaa miaka akijilaumu kwamba hazai.

Kama fedha za utafiti zipo, ziende kwenye njia ambazo mtumiaji anaweza kuziacha mwenyewe. Boston kuna kundi linalotengeneza kingamwili nje ya mwili na kuziweka kwenye utando mwembamba ambao mwanamke anauingiza ukeni kabla ya tendo. Kingamwili hizo huzinasa mbegu na kuzigandisha pamoja, zisisogee. Bado ni hatua za mwanzo, lakini sayansi ni ileile ya kinga na uamuzi unabaki mikononi mwake: asipouweka, hana kinga. Hilo ningelisimamia hata leo.

La mwisho, Mhariri, nalisema kwa uzito. Kwa sababu majaribio yale yalitumia sumu ya pepopunda iliyoondolewa makali, uvumi ulienea Ufilipino na Mexico katika miaka ya 1990, na Kenya mwaka 2014, kwamba chanjo ya pepopunda wanayopewa wajawazito inafunga uzazi. Hizi ni chanjo mbili tofauti. Ya pepopunda imekuwa ikiwakinga akina mama na vichanga kwa miongo mingi, na mtoto mchanga mwenye pepopunda, aliyekakamaa na kushindwa kunyonya, ni kitu ambacho sitaki muuguzi yeyote akione tena. Ya hCG haijaidhinishwa kutumika kwa wanawake popote. Makala yenu haikusema hivyo, na mama anayeisoma akiwa na kadi ya kliniki mkononi anaweza kuahirisha sindano yake. Naomba mlichapishe hilo kabla ya kliniki ya wiki ijayo, na mahali panapoonekana.

Muuguzi mstaafu wa uzazi wa mpango