Taa zilikuwa nne: barua ya wazi kwa vijana wanaoandika hadithi za anga

Wajukuu zangu wa kikundi cha Jumamosi,

Marahaba. Najua hamjaniamkia bado, lakini katika umri wangu mtu huitikia mapema asije akasahau.

Hadithi zenu kumi na moja nilizimaliza juzi usiku, kwa tochi, maana umeme ulikatika tangu magharibi. Nimefurahi, wala siwasifii ili mnipende. Yupo aliyejenga mji chini ya barafu ya mwezi mmoja wa Mshtarii, mji wenye soko na msikiti na wauza kahawa wanaogonga vikombe vyao alfajiri ambayo haina jua. Yupo aliyeunda chombo kinachosukumwa na mwanga wa jua, kina tanga kama jahazi, na nahodha wake ana mdomo mchafu kama manahodha wote niliowahi kuwajua.

Lakini nimehesabu. Katika hadithi saba, mateka anateswa. Na katika zote saba anasema. Tena anasema kweli, tena upesi: mmoja alimaliza kusema kabla sijamaliza kikombe cha chai. Shujaa wenu anamfunga mtu kwenye kiti, anabonyeza kitufe, mtu analia, siri inatoka, chombo kinaokolewa, safari inaendelea. Kuna mmoja wenu ambaye mateka wake anataja tarakimu kumi na sita za kufungulia mlango, mfululizo, huku meno yamemtoka. Tarakimu kumi na sita! Mimi namba yangu ya siri ya simu ina tarakimu nne, na naisahau nikiwa nimekaa kibarazani, nimeshiba, na hakuna anayenigusa.

Nimeona niwaandikie kwa uwazi, na wengine wanaoandika wasome, kwa sababu kosa hili si lenu peke yenu.

Najua mmelitoa wapi. Mmelitoa kwenye filamu. Sina ugomvi na filamu; nimekaa kwenye vibanda umiza mpaka mgongo ukanieleza kwa nini vinaitwa hivyo. Ila mmetazama kwa haraka. Rudini kwenye Star Wars ya kwanza, ile ya mwaka 1977. Binti mfalme Leia, mmoja wa waasi, amefungiwa ndani ya Death Star, kituo cha vita cha Dola kinachoweza kulipua sayari. Darth Vader, jemadari wa Dola, anaingia, na nyuma yake linaelea roboti jeusi la mviringo lenye sindano. Mlango unafungwa, hatuonyeshwi kitu. Baadaye Vader mwenyewe anakiri kwamba binti bado hajavunjika. Ndipo Tarkin, mkuu wa kituo, anapomtishia kwa sayari aliyokulia, Alderaan: sema ngome ya waasi ilipo, au tunailipua. Leia anainamisha kichwa na kusema iko sayari ya Dantooine. Tarkin anailipua Alderaan vilevile. Wanatuma watu Dantooine, wanakuta ngome imehamwa zamani.

Sasa ngome ya kweli waliipataje? Walimwachia Leia na waliokuja kumwokoa watoroke, wakiwa wamepachika kifaa cha kufuatilia kwenye chombo chao, kisha wakawafuata taratibu mpaka Yavin. Sindano haikutoa kitu. Tishio la kuangamiza sayari nzima limetoa uongo. Kumfuata mtu nyumanyuma, kazi ambayo kachero yeyote wa stendi ya basi anaijua, ndiko kulikotoa jibu. Na hiyo ni filamu waliyotazama mpaka watoto, nyinyi mmetoka nayo mkikumbuka panga za mwanga.

Miaka mitatu baadaye, katika filamu iliyofuata, Han Solo, mmoja wa waliomwokoa Leia, anateswa kule kwenye mji wa mawinguni. Akirudishwa selo analalamika kwamba hawakumwuliza hata swali moja. Hawakuhitaji jibu lake. Walihitaji maumivu yake yamfikie rafiki yake Luke huko aliko, aje mbio, aingie mtegoni. Aliyeandika pale alikuwa amejua jambo ambalo katika hadithi zenu saba sijaliona: mara nyingi anayetesa hatafuti habari kabisa.

Mtaniambia, babu, vipi kama kuna bomu? Hoja hiyo naijua, imo katika hadithi nne kati ya saba. Basi tafuteni Battlestar Galactica, mfululizo ambao msimu wake wa kwanza ulianza kuonyeshwa mwaka 2004, miezi michache baada ya dunia kuona picha za wafungwa walioteswa na askari wa Marekani katika gereza la Abu Ghraib, Iraki. Katika kipindi kimoja binadamu wanamkamata Leoben, mashine yenye umbo la mtu, naye anadai ameficha bomu la nyuklia katika mojawapo ya vyombo vyao. Rubani Kara Thrace anapewa kazi ya kumhoji. Anakula mbele yake huku mwenzake ana njaa. Anaamuru azamishwe kichwa kwenye ndoo ya maji, mara ya kwanza, ya pili, sijui ya ngapi. Mwishowe rais mwenyewe anakuja, anamzungumzisha kwa adabu, na mateka anasema bomu halipo. Halikuwahi kuwapo. Kisha anamnong'oneza rais uongo mwingine, na huo ndio unaoanza kumtafuna rais moyoni.

Wala msidhani hayo ni ya kwenye runinga tu. Tarehe 5 Februari 2003, Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikaa mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa akaeleza kwamba Iraki iliwafundisha al-Qaeda matumizi ya silaha za sumu. Maneno yale yalitoka kwa mfungwa mmoja, Ibn al-Shaykh al-Libi, aliyekuwa amepelekwa Misri kuhojiwa. Mwaka uliofuata aliyakana, akasema aliyatunga ili wamwache. Vita vilikuwa vimeshapiganwa.

Sasa niwaambie langu. Nimewahi kulisimulia kwa watu wawili, na mmoja ni bibi yenu.

Mwaka 1976 nilikuwa karani wa mizani katika shamba moja la mkonge, kijana wa miaka ishirini na mmoja. Cherehani ya fundi mmoja wa kambini ikapotea. Usiku walikuja watu wa ofisi fulani, siitaji, na wengi wao wametangulia mbele ya haki. Walinifunga mikono kwa kamba ya katani waliyoiloweka. Mliokulia Tanga mnajua kamba ile ilivyo. Kipigo sitakieleza. Nitaeleza maswali, maana nyinyi ni waandishi.

Waliniuliza niliiba lini. Nikasema sikuiba. Baadaye nikasema Jumanne. Yule mkubwa wao, aliyekuwa kwenye kigoda akinywa chai, akatikisa kichwa: haiwezekani Jumanne, Jumanne fundi alishona nayo. Nikasema Jumatatu. Hapana. Nikasema Jumatano, akatulia, akaandika. Waliuliza niliibeba vipi. Nikasema kwa baiskeli. Mbona hapakuwa na alama za tairi? Basi begani. Akaandika. Mnaona? Walikuwa wananisahihisha. Ile hadithi walikuja nayo wenyewe, mimi nikaikariri kama mtoto wa chuoni anayesomeshwa alifu, akikosea anachapwa, akipatia ananyamaziwa.

Wakauliza nilikuwa na nani. Nikamtaja rafiki yangu wa kucheza naye bao. Sikumtaja kwa ubaya. Jioni ile tulikunywa chai pamoja, jina lake ndilo lililokuwa karibu na ulimi.

Cherehani ilipatikana baada ya wiki tatu. Mdogo wake fundi alikuwa ameiweka rehani mjini.

Jambo ambalo bibi yenu alipolisikia aliacha kupepeta mchele ni hili: kwa miaka mingi niliikumbuka cherehani ile ikiwa begani mwangu. Nakumbuka uzito wake. Nakumbuka ubaridi wa chuma shingoni. Sijawahi kuishika.

Ndiyo maana mwanangu aliponionyesha Star Trek, kile kipindi cha sehemu mbili kiitwacho Chain of Command, cha Desemba 1992, nilimwomba azime nikatoke nje kidogo. Nahodha Picard ametekwa na Wakardasia, taifa adui la sayari nyingine. Afisa wao, Gul Madred, anamwonyesha taa nne na kumwuliza ziko ngapi. Nne. Hapana, tano. Anabonyeza kifaa, maumivu yanamwingia mwilini. Ngapi? Idadi ya taa haina faida yoyote ya kijeshi. Hata mipango ya ulinzi aliyokuwa akiitaka mwanzoni inasahaulika, kimebaki hicho tu, mtu mzima akubali kwamba macho yake ni ya mwenzake. Wazo hilo si geni, George Orwell aliliandika mwaka 1949 katika riwaya yake ya 1984, kwa vidole vinne ambavyo mateka anatakiwa aone ni vitano. Ila Star Trek iliongeza kitu mwishoni. Picard anaachiliwa, na kabla ya kuondoka anapiga kelele kwamba taa ziko nne. Mtazamaji anashangilia. Kisha akiwa salama chomboni, amenyoa ndevu, amevaa sare safi, anamwambia mshauri wake Troi kwamba dakika za mwisho aliamini anaziona taa tano.

Aliyeandika sentensi ile, sijui ni nani alimsimulia, lakini alisimuliwa na mtu anayejua.

Kipindi hicho kitazameni tena kwa jicho la fundi. Katikati ya kazi, Madred anamleta binti yake mdogo chumbani humo. Anambeba, anamkumbatia, mtoto anauliza kama binadamu nao wana mama na baba. Kuna na yai. Picard ana njaa, anapewa yai la ndege wao, akilivunja anakuta kiumbe kibichi ndani. Analimeza hivyohivyo. Madred anamwambia kwamba naye alipokuwa mtoto wa mitaani, ana miaka sita, aliokota mayai matatu ya aina ile, akala moja bichi, na mvulana mkubwa akamvunja mkono na kumpora mengine. Picard anajua papo hapo amepata kitu: tangu hapo akimtazama mtesaji wake anamwona mtoto wa miaka sita mwenye mkono uliovunjika. Mtu mmoja, yai moja, na nimemjua Madred kuliko ninavyowajua majemadari wenu wote saba wenye makovu usoni.

Kwa hiyo nimeandika kwa penseli pembezoni mwa kurasa zenu. Sikuwakataza kuandika mateso. Hadithi inayodai kwamba miaka mia nne ijayo hayapo nisingeiamini. Nimeuliza tu, karibu kila mahali: amejuaje kwamba ni kweli? Mateka amesema kituo kiko upande wa kusini, na shujaa anageuza chombo mara moja. Kwa nini asigeuze kwenda kaskazini? Nani alimhakikishia? Na mkikosa jibu, mnayo hadithi nyingine bora mkononi, hadithi ya chombo kilichokwenda kusini bure.

Mwenye hadithi ya mji wa barafu, wewe nina neno la pekee. Chumba chako cha mateso kina ukungu, minyororo na taa nyekundu. Kiondoe. Waulize ndugu zetu wa Nairobi habari za Nyayo House, jengo ambalo watu hupanga foleni humo kutafuta pasipoti. Chini yake kulikuwa na selo ambamo katika miaka ya 1980 watu waliwekwa gizani na kumwagiwa maji mpaka wakasimama ndani yake. Zilifunguliwa wananchi wazitazame mwaka 2003. Weka chumba chako chini ya soko lako, mwanangu. Wauza kahawa wagonge vikombe juu yake.

Na yule aliyeandika kwamba kumtesa roboti hakuna dhambi kwa kuwa si mtu: sentensi ile umempa shujaa, na inaelekea umeikubali wewe pia. Leoben alikuwa anatoka jasho, na Kara Thrace aliliona jasho hilo. "Si mtu" ni neno ambalo nimelisikia kwa masikio yangu likitangulia kipigo, mtaani, kwa mwizi wa kuku. Liache kinywani mwa mhusika, ila mtafute mwingine pale chumbani atakayeliona jasho. Jamii yenu ya mwaka 2400 mmeitungia sheria za hewa, maji na ndoa, nzuri sana. Katiba ya Tanzania ninayoisoma mimi, ibara ya 13(6)(e), inasema ni marufuku mtu kuteswa. Katika hadithi zote saba hakuna hata baharia mmoja anayemwuliza nahodha: hivi sisi tunaruhusiwa kufanya hivi?

Jambo la mwisho ni la baadaye. Hadithi zenu zinamwacha mateka kwenye kiti, na shujaa hakumbuki tena. Rafiki yangu niliyemtaja alipoteza usikivu wa sikio la kushoto. Tuliendelea kucheza bao miaka thelathini na kitu, mpaka alipofariki. Hakuniuliza hata siku moja. Lakini kila tulipokaa, alikuwa akizungusha kigoda chake kidogo ili sikio zima liwe upande wangu, nami nilisubiri amalize kukizungusha ndipo nipange kete.

Hadithi ziko kwa bibi yenu dukani, kwenye bahasha ya kaki yenye alama ya chai. Zichukueni kabla ya Ijumaa, bati la pale linavuja na mawingu nayaona. Aliyeandika tarakimu kumi na sita anifuate mwenyewe, nina ugoro wa kumtuma.

Babu yenu