Kaka, pesa ile haikuwa hewani

Kaka, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Ni wa dakika mbili na ushee, na humo ndani jina langu hukulitaja hata mara moja. Ulisema "huyo shangazi yako". Ulikuwa unamwambia binti yako, naye kwa kuchanganyikiwa akanirushia mimi. Tafadhali usimgombeze. Ameanza kazi, mshahara wa kwanza umeingia, akaniuliza aanzeje kuweka akiba inayozaa. Nikamjibu kama shangazi anavyotakiwa kujibu. Wewe ukasema namfundisha mtoto wako kamari.

Naandika hapa mbele ya watu kwa sababu wewe ulianza mbele ya watu.

Siku ninayoisema unaijua. Machi 2020, siku ya kuanua matanga ya mama. Mvua ya Tukuyu ilikuwa inapiga bati mpaka mtu akisema unamtazama mdomo. Wazee walikaa kwenye viti vya plastiki, sisi wanawake tulikuwa mkekani, upande wa jiko. Ukasimama na daftari la rambirambi ukawa unasoma jina na kiasi, jina na kiasi. Elfu kumi. Elfu tano. Debe la maharage. Mikungu mitatu ya ndizi. Ulipofika kwangu ulisoma milioni 1 na laki 2, ukanyamaza, ukafunga daftari huku kidole kikiwa bado ndani. Ukasema, "Huyu mnayemwona ana pesa, ila pesa yake iko hewani. Hata kipande cha ardhi cha kulinda kaburi la mama hawezi kununua."

Baba mdogo aliinamisha kichwa. Nyuma yangu mama mmoja akasema "mh". Sikugeuka kumwangalia. Mpaka leo sijui alikuwa nani, na nikipita Tukuyu kila mama wa rika lile namdhania ndiye.

Jirani alikuwa anauza ukanda ule uliopakana na makaburi yetu, na wewe uliogopa mgeni angeununua. Woga wako niliuelewa. Nilichokuomba ni miezi mitatu tu. Nilikuambia jikoni, kwa sauti ya chini, tukiwa wawili, kwamba soko la hisa lilikuwa linaporomoka wiki ileile na ningeuza kwa hasara. Ukaitikia. Halafu ukatoka nje ukayasema kwa wazee.

Sasa ngoja nikueleze ile pesa ilikuwa wapi, kwa sababu siku ile sikupewa nafasi.

Nilikuwa nimenunua mfuko wa fahirisi ya hisa za dunia. Hisa ni kipande cha umiliki wa kampuni, na mfuko ni pesa za watu wengi zilizowekwa pamoja kununua hisa. Fahirisi ni orodha tu: maelfu ya kampuni za nchi nyingi, kila moja ikipewa nafasi kulingana na thamani yake sokoni. Mfuko hauna bwana mkubwa wa kuchagua ipi itang'ara mwakani. Unanunua orodha nzima na kukaa nayo. Kila pauni niliyoweka ilikatwa vipande vidogo. Zaidi ya nusu ikaenda kwenye kampuni za Marekani, kwa kuwa huko ndiko kampuni kubwa zilikojaa, iliyobaki ikagawanywa Japani, Uingereza, Ulaya, China, India. Watengeneza dawa, wauza saruji, mabenki, wenye meli. Moja ikifilisika, siamki usiku. Wakipata faida na kutoa gawio, gawio langu linarudi kununua vipande vingine.

Niliyajifunza kwenye chumba cha chakula cha hospitali niliyokuwa nafanya kazi kule Leeds, Uingereza, kwa muuguzi mwenzangu aliyekuwa na miaka mingi kazini. Alinichorea nyuma ya karatasi ya zamu. Jambo alilolirudia lilikuwa moja: usitafute mtu mwerevu, tafuta gharama ndogo. Nilielewa palepale, na aliyenielewesha si yeye. Ni wewe.

Unakumbuka Isyonje? Ada yangu ya chuo cha uuguzi ilitoka kwenye viazi vyako vya Isyonje, na mimi ndiye niliyekushikia kamba ukifunga magunia. Mnunuzi alikuja na lori, analipa gunia moja, lakini anataka lumbesa, ile nundu ya juu inayoshonewa wavu. Ulikuwa unasema, "Debe hili moja analochukua juu kila safari, mwisho wa msimu ni shamba zima." Ulikuwa na miaka ishirini na mbili. Ulikuwa umeacha shule ili mimi nisiache. Sijasahau, na sitaki mtu asome hapa akadhani nimesahau.

Basi ada ya meneja wa mfuko ni lumbesa. Mifuko mingi ya mabingwa wa kuchagua hisa hukata asilimia 1 au zaidi ya pesa yako yote kila mwaka, wapate wasipate. Mifuko ya fahirisi iliyo nafuu hukata sehemu ndogo sana ya hiyo. Asilimia 1 inaonekana kama kiazi kimoja. Tuseme umeweka milioni 1 ukaiacha miaka 30. Ikikua kwa asilimia 7 kwa mwaka inafika milioni 7 na laki 6. Ikikua kwa asilimia 6, kwa sababu asilimia 1 inachukuliwa juu, inafika milioni 5 na laki 7. Hiyo tofauti ya karibu milioni 2 ndiyo nundu ya gunia, kaka. Ningetegemea mtu mmoja duniani anielewe kuliko wote, na mtu huyo ni wewe.

Hata aliyewaanzishia watu wa kawaida mfuko wa namna hii alichekwa. John Bogle wa kampuni ya uwekezaji ya Vanguard, Marekani, mwaka 1976, alitarajia kukusanya dola milioni 150 akapata kama milioni 11. Wenye biashara hiyo wakauita upuuzi wa Bogle. Simtaji ili nijifananishe naye. Namtaja kwa sababu nilipokaa kwenye ule mkeka nilimkumbuka, nikapata nguvu ya kutolia.

Lakini nguvu yenyewe haikufika usiku.

Hili sijawahi kukuambia. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 12 Machi. Siku ileile soko la London lilianguka kwa karibu asilimia 11, anguko lake baya kuliko yote tangu 1987. Mtandao ulikuwa unashika nyuma ya banda la ng'ombe tu, nikasimama pale na kitenge kichwani, matone ya mvua yakiangukia kioo cha simu na kidole changu kikiteleza. Niliuza vipande vya pauni 2,000. Mfuko si kama soko la Mwanjelwa ambako unapewa chako mkononi. Unaweka agizo, linakamilishwa kwa bei ya siku ya kazi inayofuata, pesa inaingia baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo niliuza bila kujua hata bei. Niliuza kwa sababu ya ile "mh".

Nilikutumia nikiwa nimesharudi Leeds, milioni 5 na laki 7, ukanunua ukanda ule. Soko liliendelea kushuka mpaka tarehe 23 mwezi uleule, halafu likageuka. Ilipofika Agosti fahirisi kubwa ya Marekani, S&P 500, ilikuwa imekivuka kilele chake cha Februari. Miezi mitano. Mimi niliomba mitatu, nakubali nilikosea hesabu, na hakuna mtu angeweza kuijua hesabu ile. Hata hivyo kanuni niliijua: pesa ya shida ya karibu haikai kwenye hisa, na pesa iliyo kwenye hisa haitolewi siku ya msiba. Niliivunja kwa aibu, na aibu hiyo niliipata kwako.

Ulipoweka mkopo wa SACCOS kwenye ekari tano za miti ya mbao kule Mufindi, na moto ukapita asubuhi moja, nilisema nini? Nilikutumia nauli ya kwenda kuangalia. Sikusimama mbele ya wazee. Na ule upatu wa mtaani uliokuahidi kuzidishiwa mara mbili kwa miezi mitatu, wifi ndiye aliyeniambia, wewe hukusema, nami nikanyamaza hivyohivyo. Wifi, kama unasoma, nisamehe kwa kulitaja. Ila upatu ule ndio kamari. Anayekuahidi kiasi na tarehe, mkimbie. Mimi binti yako sijamwahidi chochote.

Nimemwambia hata mabaya. Nimemwambia kuhusu Japani: fahirisi ya Nikkei ilifika kileleni Desemba 1989, ikaporomoka, ikaja kukivuka kilele hicho Februari 2024. Miaka 34. Aliyekuwa ameweka vyote Japani siku ile alizeeka akisubiri. Ndiyo maana ya kununua dunia nzima na si nchi moja, na ndiyo maana ya kuweka kidogokidogo kila mwezi badala ya kumwaga zote siku moja. Na hata dunia nzima huanguka kwa pamoja, kama 2008, kama 2020. Asiyeweza kuona akiba yake imepungua theluthi akaendelea kulala, aweke kidogo zaidi.

Nimemwambia pia asinifuate mimi kama kipofu. Mimi nilikuwa naishi kule, nikawa na ile akaunti ya Waingereza ya uwekezaji isiyotozwa kodi. Tangu nirudi kuishi Uyole siruhusiwi kuongeza humo hata pauni moja. Kilichomo kinabaki na kinaendelea kukua. Anayeishi Tanzania haamki tu akatuma pesa nje kununua hisa. Kuna kanuni za fedha za kigeni za Benki Kuu, na wanaojidai kwenye simu kuwa watakununulia Marekani kwa dakika tano wengi ni wezi. Kwa hiyo nimemwelekeza aanzie nyumbani: vipande vya Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja. Mfuko huo upo tangu 2005, na unachanganya hisa na hatifungani za hapa, yaani mikopo ambayo serikali au kampuni huilipa kwa riba. Si fahirisi ya dunia, na meneja wake huchagua. Lakini mtoto atajifunza kuona bei ikipanda na kushuka bila kukimbia. Hisa za soko la Dar es Salaam atazijua baadaye. Kwanza nimemwambia aweke benki pesa ya miezi sita ya matumizi, asiiguse. Nisingemwambia hilo kama nisingesimama nyuma ya lile banda.

Hayo ndiyo niliyomfundisha. Nionyeshe kamari iko wapi.

Nadhani hukunikasirikia kwa hisa. Nadhani uliona miaka kumi na moja ya ughaibuni na hujaona nyumba. Watu wanakuuliza dada yako amejenga wapi, unakosa pa kunyooshea kidole. Ungeweza kuniambia hivyo. Ningekuelewa, labda ningekuja kupanda hata parachichi kumi pale barazani ili uwe na cha kuonyesha. Badala yake tumekaa miaka hii yote tukisalimiana kwa ujumbe wa Krismasi.

Na kuna kitu kingine, ambacho kwa kweli ndicho kinachonirudisha usiku. Nilipokuja mwaka jana nilifungua lile daftari nikiwa peke yangu sebuleni. Liko kabatini, nyuma ya Biblia ya mama. Jina langu lina milioni 1 na laki 2. Ule ukanda wa ardhi hauna jina la mtu. Mistari mitatu chini ya jina langu umeandika gharama ya mpima ardhi, kwa mwandiko wako ule wa kulalia kushoto, kwa hiyo daftari ulilifungua baada ya pesa kufika. Nafasi ilikuwepo.

Nitakuja Jumapili baada ya ibada, na binti yako amesema atakuja nami. Wifi asihangaike kupika, tutakula mtakachokula. Daftari liwe mezani, na kalamu iwe ya wino.