Mhariri, Jane Eyre haiishii kwenye ndoa

Mhariri, salaam.

Naandika kuhusu chemsha bongo yenu ya Jumamosi, lile swali la tisa. Mliuliza Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë, inaisha na maneno gani, na jibu mlilotoa wiki hii ni "Msomaji, niliolewa naye." Hapana jamani, siyo hilo. Hiyo sentensi ndo inafungua sura ya 38 ambayo ni ya mwisho, na baada yake kuna kurasa kadhaa bado. Binti yangu yuko form three, aliwatumia jibu sahihi, kitabu chote kakisoma mwezi mzima, umeme ukikatika anawasha tochi ya simu, halafu anafungua gazeti anakuta kakosa. Hakulia wala nini ila alikaa kimya mpaka jioni, ndo akaniuliza, mama, hivi mimi nilisoma kitabu kingine?

Kitabu ni hicho hicho. Na kosa lilikotoka nadhani napajua, maana hata mimi nimeamini hivyo miaka mingi. Nilipokuwa msichana nilifanya kazi za ndani, nalea watoto, na kwenye kabati la ile nyumba kulikuwa na Jane Eyre ile iliyofupishwa, kitabu chembamba, jalada limechanika limeshikwa na selotepu, ndani kina michoro. Chenyewe kiliishia hapo hapo kwenye ndoa, na mchoro wa mwanamke kamshika mkono mwanaume kipofu. Nilikipenda mno kwa sababu Jane naye alikuwa anaishi kwenye nyumba ya watu, anafundisha mtoto wa watu, mshahara pauni 30 kwa mwaka, wageni wakija anakaa pembeni ya dirisha nyuma ya pazia. Nikajua hadithi ndo imeisha vile. Kitabu kamili nimekuja kukipata nimeshavuka miaka 40, nikafika kwenye ile sentensi nikiwa najiandaa kufunga, nikashangaa mkono wa kulia bado umeshika karatasi.

Na kinachofuata pale ni kitamu sana, kinaniuma watu wakikikosa. Harusi yenyewe ilikuwa watu wanne tu, Jane na Rochester, yule mwenye nyumba aliyokuwa anafundisha, kasisi na karani wa kanisa. Wakitoka kanisani Jane anaingia moja kwa moja jikoni. Mary anapika, kuku wawili wako motoni anawamwagia mafuta yao kwa upawa, mumewe John anasafisha visu. Jane anamwambia tu, Mary, leo asubuhi nimefunga ndoa na bwana Rochester. Basi ule upawa unabaki unaning'inia hewani kama dakika tatu hivi, visu navyo vimesimama, kisha Mary anainama anaendelea na kuku wake. John ndo anacheka mdomo wote, na Jane anamwekea mkononi noti ya pauni 5. Mtu aliyewahi kufanya kazi jikoni kwa watu anaujua ule ukimya, habari kubwa ya wenye nyumba inakukuta umeshika mwiko na huwezi kuuacha chakula kiungue.

Halafu kuna jambo la lugha ambalo nimelifikiria sana, naomba mnivumilie. Kwetu mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa, kwa hiyo tukitafsiri ile sentensi tunasema "niliolewa naye" na inasikika sawa kabisa. Ila kwa Kiingereza Jane ndiye mtendaji, hajasema ameolewa wala hajasema wameoana, amejiweka mwenyewe mbele ya kitendo kama vile sisi tungesema "nilimuoa". Na haikuja hivi hivi. Wakati huo Rochester nyumba yake Thornfield imeungua, mkono mmoja amekatwa, macho hayaoni, na Jane ana hela zake. Ndugu wa baba yake aliyefia Madeira alimwachia pauni 20,000, ambayo ukipiga hesabu kwa ule mshahara wake wa Thornfield ni kazi ya miaka zaidi ya 600, na akazigawa sawasawa kwake na kwa binamu zake watatu, kila mtu 5,000. Kwa hiyo aliyeingia kanisani asubuhi ile hakuwa yule mfanyakazi wa pauni 30 tena. Mkiuliza swali kuhusu hiyo sentensi ulizeni hilo, nani ameoa na nani ameolewa, hapo watoto watabishana mpaka kuche.

Sasa mwisho wenyewe. Jane anatuambia ana miaka kumi kwenye ndoa, Rochester jicho moja lilirudi kuona na mtoto wao wa kwanza alipowekwa mikononi mwake akayaona macho ya mtoto, meusi makubwa kama yake yalivyokuwa. Wewe ukidhani basi imeisha, anaanza kumzungumzia St John Rivers, yule binamu mchungaji aliyemtaka wafunge ndoa waende wote India kwenye umisheni, akamwambia kabisa kwamba ameumbwa kwa ajili ya kazi siyo mapenzi. Jane alikubali kwenda kama dada, kama mke akakataa. Kumbe hajamsahau. St John yuko India, hajaoa, amechoka, anajua kifo kiko karibu, na barua yake ya mwisho kwa Jane ndo inafunga kitabu kwa maneno ya Ufunuo 22, mstari wa 20, ambao kwenye Biblia yetu unasomeka "Amina, na uje, Bwana Yesu." Hilo ndo jibu, na ndo alilowatumia binti yangu, na mstari wenyewe aliutafuta kwenye Biblia ya bibi yake.

Miaka mingapi Jane anasimulia yeye, mimi mimi mimi tangu ukurasa wa kwanza, halafu neno la mwisho anamwachia mwanaume aliyemkataa. Kuna watu hawapendi mwisho huo, wanaona umekaa vibaya. Mimi naupenda, lakini hata asiyeupenda ana haki ya kujua kwamba upo.

Na swali la kumi nalo liangalieni. Mliuliza jina gani lilikuwa kwenye toleo la kwanza, mkajibu Charlotte Brontë. Ni yeye aliyeandika, hilo sawa, ila kitabu kilipotoka London Oktoba 1847 kwa juzuu tatu kiliandikwa ni tawasifu, na kwamba kimehaririwa na Currer Bell, jina la bandia la Charlotte. Hata mchapishaji George Smith hakumjua. Muswada aliusoma Jumapili nzima, akaahirisha miadi ya kwenda kupanda farasi na rafiki yake, chakula cha mchana akaletewa sandwichi hapo hapo alipokaa, na bado alikuwa hajui aliyeandika ni mwanaume au mwanamke. Mpaka Julai 1848 Charlotte na mdogo wake Anne walipoingia ofisini kwake Cornhill wametoka safari ya usiku kwa treni, Charlotte akampa barua aliyokuwa ameiandika Smith mwenyewe kwenda kwa Currer Bell. Smith akamuuliza ameitoa wapi.

Ninachoomba ni marekebisho ya maswali yote mawili kwenye ukurasa ule ule, siyo kijisehemu kidogo chini ya matangazo, na waliojibu sahihi wapewe alama zao. Wasomaji wengi watoto wao wanakata ile chemsha bongo wanaibandika kwenye madaftari, binti yangu anazo tangu darasa la sita.

Jane mwenyewe aliwahi kumwandikia mhariri, sijui kama mnakumbuka. Ana miaka 18, yuko shuleni Lowood, anataka kazi, anaandika tangazo na kuweka hela yake kwenye bahasha kwenda kwa mhariri wa gazeti la Herald, anatembea maili mbili mpaka posta ya Lowton na kurudi kwenye mvua kubwa nguo zimelowa chapa. Akasubiri wiki nzima, akarudi posta kuuliza kama kuna barua ya J.E.

Sisi Jumamosi tutafungua ukurasa wa chemsha bongo kwanza.

Mama msomaji,
Morogoro