Kabla ya Mdahalo wa Gaza

Nakuru

Mpendwa Akinyi,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia unawaandalia vijana wa Kisumu mdahalo wa Gaza. Kinachonitia wasiwasi ni lile swali ambalo lazima mtu atamgeuzia msichana mwenye hijabu: "Nyinyi mnasemaje kuhusu Hamas?" Hapo ameshafanywa mshtakiwa. Mnubi wa Kibos au Mwislamu wa Mumias ana neno gani katika maamuzi ya Hamas? Swali la namna hiyo waulize wote, au usimuulize yeyote.

Usifungue kwa maombi ya kuibariki Israeli kama makanisa yetu mengi yanavyofanya. Waislamu watakuwa wameshawekwa upande wa adui kabla hawajafungua kinywa.

Wayahudi, huku kwetu magharibi ni nadra, kwa hiyo watasemwa wakiwa hawapo. Wasimulie vijana habari za Abayudaya, Wayahudi wa Mbale nchini Uganda, ng'ambo ya Mlima Elgon, walioshika dini hiyo tangu 1919 wakimfuata kiongozi wao Semei Kakungulu. Mwaka 1972 Idi Amin alivunja uhusiano na Israeli, na chini ya utawala wake ibada ya Kiyahudi ikapigwa marufuku. Wakulima wale wakawa wanasali kwa kujificha. Na Kenya tusijitoe: Aprili 2014, msako uliofuata mashambulizi ya kigaidi uliwazoa Wasomali wa Eastleigh hadi uwanja wa Kasarani, hata wenye vitambulisho vya Kenya.

Basi mkubaliane maneno mapema. Anayelaumu amtaje mtendaji: serikali ya Israeli, jeshi lake, Hamas. "Wayahudi wameua" au "Waislamu ndivyo walivyo", mkatize papo hapo. Karibu raia mmoja kati ya watano wa Israeli ni Mwarabu, na Bethlehem wako Wapalestina Wakristo.

Mwenye video akuletee siku moja kabla. Chukua skrinishoti, uitafute kwa picha kwenye intaneti. Video za Syria zimesambazwa sana kama za Gaza. Isiyo na chanzo isionyeshwe.

Uwe na Katiba mkononi. Kifungu cha 33(2) kinasema uhuru wa kujieleza haujumuishi kueneza chuki kwa misingi ya ubaguzi iliyotajwa katika kifungu cha 27(4), na dini imo. Kisome kabla ya mzungumzaji wa kwanza, si baada ya tusi la kwanza.

Epuka Ijumaa mchana, na Jumamosi pia kwa ajili ya Wasabato. Usiku wa mdahalo funga kundi la WhatsApp, waandike maadmini peke yao. Yaliyozuiwa ukumbini humwagwa huko watu wakishafika nyumbani.

Ukishapata tarehe, niandikie.

Wako,
Wanjiru