Risala ya Klabu ya Usalama wa Mtandao kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha kwenye maonesho ya kazi zetu. Tunaijua foleni ya Dar es Salaam, na tunashukuru umefika.

Mheshimiwa, wazazi wengi wakisikia vijana wao wanajifunza kudukua, hushtuka. Wana haki. Ndiyo maana tunataka uone mwenyewe tunachokidukua. Mezani kuna Juice Shop, duka la juisi la mtandaoni la kubuni, lililotengenezwa na wanachama wa OWASP, jumuiya ya kimataifa ya usalama wa programu, likiwa na matundu ya usalama ya makusudi. Ni la bure, na ukishalipakua linafanya kazi ndani ya kompyuta yako bila intaneti. Kwa mwanafunzi wa Mbagala anayeishi kwa bando la siku, hilo si jambo dogo.

Mwaka huu tumejikita kwenye kosa moja: mfumo kumruhusu mtu aone au afanye yasiyomhusu. Katika orodha ya OWASP ya hatari kubwa za tovuti, kosa hili lilikuwa la 5 mwaka 2017, na mwaka 2021 likapanda hadi namba 1. Kulipata hakuhitaji uchawi. Tunafungua akaunti mbili, ya Asha na ya Juma. Tunaingia kama Asha, tunaangalia ombi ambalo kivinjari kinapeleka kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha duka, tunaona namba ya kikapu chake. Tunabadilisha namba hiyo iwe ya Juma. Seva ikileta kikapu cha Juma, tundu limepatikana: ilihakikisha kuwa Asha ameingia, lakini haikuuliza kama kikapu ni chake. Ni sawa na gesti ambayo ufunguo wa chumba chako unafungua vyumba vyote.

Wapo wanaodhani kuficha kitufe cha msimamizi kunatosha. Hakutoshi, kwa sababu anayejua anwani ya ukurasa ataiandika mwenyewe. Ruhusa ikaguliwe kwenye seva, kwa kila ombi. Kwa hiyo kwetu kuvunja ni nusu ya kazi. Mwanachama hahesabiwi kuwa amemaliza mpaka aoneshe mstari wa msimbo wa programu aliourekebisha na tundu likaziba.

Madhara yake si ya kubuni. Mwaka 2019 ilibainika kuwa tovuti ya First American, kampuni ya Marekani ya bima ya hatimiliki, iliacha wazi nyaraka zipatazo milioni 885. Ilitosha kubadilisha tarakimu kwenye anwani.

Mheshimiwa, wanachama wetu wanajua Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015: kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa, hata kwa nia njema. Hatugusi mfumo usio wetu. Lakini hapo ndipo penye ombi letu kubwa, na si la fedha. Kijana akikutana na tundu kama hili akiwa anatumia huduma yake mwenyewe, mara nyingi hajui pa kulipeleka, basi hunyamaza kwa woga. Tunaomba utusemee ili taasisi zetu ziweke anwani ya wazi ya kupokea taarifa za udhaifu, pamoja na maelezo ya nini kinaruhusiwa kupimwa na nini hakiruhusiwi.

Ombi la pili ni kompyuta 10 za maabara, maana sasa wanafunzi wanne wanagombea moja.

Naomba kuwasilisha.